Vifungo vya Bi Shoto

Kiwandani walimwita Jicho, na jina hilo hakulipata kwa urembo. Lilitokana na meza yake. Kila koti lililoshonwa pale, kabla ya kukunjwa na kutiwa kwenye boksi, lilipita mbele yake, naye aliuona uzi uliolegea ndani ya bitana kama mwingine anavyoona nzi kwenye maziwa. Akirudisha koti hakufoka. Alisema tu, "Hapa," na kidole chake kilikuwa kimeshafika penye kosa.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Huko mwenye cheo alikuwa mama mkwe wake, mjane aliyekula chumvi nyingi, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Majirani walimwita Bi Shoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kukata vitunguu, kufunga mlango, kumtishia mjukuu kwa mwiko. Na kushona vifungo.

Hapo ndipo penye siri, na bora tuitoe mapema isije ikatusumbua. Kiwanda kilikuwa na cherehani za kila namna, lakini yale makoti mazito ya kike yalitaka vifungo vikubwa vya kushonwa kwa mkono, na kazi hiyo kiwanda hakikuifanya. Kiliifunga kwenye magunia. Jamaa mmoja wa pikipiki, aliyeitwa Dalali, aliyasambaza magunia hayo katika mtaa wa nyuma ya kiwanda, kwa kina mama wasioweza kutoka: huyu ana kichanga, yule ana mgonjwa kitandani, Bi Shoto na magoti yake. Sindano walinunua wenyewe. Mmoja wao akiugua, gunia lake lilihamia nyumba ya pili na hakuna aliyeuliza habari zake. Kwenye karatasi za kiwanda hawakuwapo kabisa, maana mnunuzi wa makoti, kampuni ya ng'ambo, alikuwa na sharti lililobandikwa mpaka ukutani: kazi yote ifanyike chini ya paa la kiwanda.

Jicho alilijua hilo. Meneja alilijua. Nadhani hata paka wa stoo alilijua, ila hakuulizwa.

Siku mgeni wa mnunuzi alipotangazwa kuja, Meneja alifagia stoo ya maboksi, akaipaka rangi nyeupe, akaweka viti vyenye mgongo na taa juu ya kila meza, kisha akatundika kibao mlangoni: CHUMBA CHA VIFUNGO. Akawatoa wasichana kadhaa kwenye cherehani, akawaketisha humo na sindano mikononi. Halafu akamwita Jicho.

"Wewe ndiye utakayechagua makoti ya kuonyesha," alimwambia. "Nataka yale ambayo hata mimi nikiyaona natamani kuyavaa."

"Na wale wa nyumbani, Bosi?"

"Wa nyumbani gani? Mimi sina mtu wa nyumbani." Kisha akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Huyo mgeni akijua, oda inakwenda. Oda ikienda, gunia la mama mkwe wako linakwenda, na meza yako inafuata. Tunaelewana?"

Walielewana. Jioni ile Jicho aliketi karibu na Bi Shoto, aliyekuwa amesogeza kigoda mlangoni kuwahi mwanga wa mwisho.

"Mama, kesho lile gunia lifiche. Na mtu akikuuliza, hujui kushona."

Bi Shoto alimtazama juu ya miwani. "Yaani uzee wote huu, kesho nijifanye mjinga?"

"Kesho tu, mama."

"Haya. Kwa ajili ya gunia, si kwa ajili yako."

Mgeni alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembelea, siyo vya kuonekana. Alianzia nyuma, kwenye maji machafu ya kutilia vitambaa rangi. Na haki ya mtu apewe: Meneja alikuwa amechimba mabwawa matatu ya kuyasafisha, na katika la mwisho waliogelea samaki, tena hakuwaazima. Kitambaa nacho kilikuwa cha nguo kuukuu zilizochanwachanwa zikasokotwa upya, kama lebo ilivyosema. Mgeni aliuliza mengi na kuridhika. Meneja akaanza kutembea kama bwana harusi.

Ndipo wakafika kwenye makoti. Jicho alikuwa ameyachagua asubuhi, polepole, akiyapitia moja moja na kuyatenga yaliyo safi kuliko yote. Mgeni hakutazama mshono wala kola. Alishika kifungo, akakiinua.

Kifungo cha koti zito hakilalii kitambaa. Huachwa juu kidogo, kisha uzi huzungushwa chini yake mpaka uwe kishingo kigumu. Mgeni alikitazama kishingo kile kwa muda, akachukua koti la pili, la tatu, mpaka yakaisha.

"Mimi nilianzia kwenye vifungo," alisema. "Huyu anazungusha uzi kinyume. Ni mtu wa shoto. Na sijaona kazi kama hii siku nyingi. Nataka kumpa mkono."

Jicho alielewa papo hapo alichofanya. Alikuwa amechagua yaliyo bora, na yaliyo bora yote yalitoka nyumbani kwake. Kinyume kile alikuwa amekizoea tangu aolewe, kila jioni chini ya taa moja, hadi machoni pake ndio ukawa mzunguko wa sawa. Wasichana wote wa chumba cheupe walikuwa wa mkono wa kulia.

"Ni mimi!" alisema mmoja wao. Huyo walimwita Chiriku, na hakuna ukimya aliowahi kuuona asiuingilie. Nia yake ilikuwa njema. Alitwaa koti, akalilaza mapajani, akashika sindano kwa mkono wa kushoto ambao tangu azaliwe ulikuwa haujafanya kazi yoyote ya maana. Alichoma, akavuta, akatoa ulimi, akazungusha, akakata uzi. Kisha akasimama kukabidhi kazi, na sketi yake ikasimama pamoja na koti. Alikuwa amevishona pamoja.

Chumba kizima kilicheka. Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Meneja ndiye aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote, na hakuwa na furaha hata kidogo.

"Sasa," mgeni alisema akijifuta macho, "ni nani hasa?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Jicho, tena mzuri: yuko, ila leo anaumwa. Nani angeujua? Lakini alipofungua kinywa aliona aibu, na haikuwa aibu ya kiwanda, ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amemwambia mama wa watu aseme hajui kazi ambayo mgeni huyu, aliyepita viwanda vingapi sijui, alitaka kuipa mkono. Na masika yaliyopita Bi Shoto aliumwa kweli, akashona na homa yake ili gunia lisihame.

"Ni mama mkwe wangu," alisema. "Anashona nyumbani. Wako wengi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Meneja alinong'ona.

Mgeni alitaka kuwaona siku hiyohiyo. Walimkuta Bi Shoto mlangoni, ameketi juu ya gunia lenyewe, amelitandikia shuka kama kochi. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kitambaa chake cha kichwa na uzi mweusi ukimning'inia mpaka sikioni.

"Shikamoo, mama," alisema mgeni. "Nimeambiwa wewe ni fundi wa vifungo."

"Marahaba. Mimi? Hata tundu la sindano silijui liko upande gani."

"Mama," Jicho alisema, "nimeshamwambia."

Bi Shoto alimtazama mkwewe kwa namna ambayo mkwe yeyote anaijua na hapendi kuikumbuka. Kisha akajizoazoa, akasimama kwa kushika mlango, akavuta shuka.

"Basi tazama," alimwambia mgeni. "Nilikuwa nimejikalia kazi yangu kama kuku. Hili nililishona jana. Hili lina kifungo kimoja hakijakaa vizuri, nilikuwa nakirudia. Ukitaka kuandika, andika kwamba sindano nanunua mwenyewe, na kwamba chumba hiki kina giza."

Mgeni aliandika. Alizunguka mtaa, akaongea na wote waliokubali kuongea. Alipoondoka alimwambia Jicho ukweli, na huo nao ulikuwa mchungu: sharti ni sharti, magunia yatasimama kuanzia kesho. Atawaomba wenzake walibadilishe, lakini hawezi kuahidi.

Magunia yakasimama.

Nani anayesema ukweli ni mtamu? Ule wa Jicho ulikuwa shubiri, na haukumchoma yeye peke yake. Bombani, mama wa kichanga alimwuliza mbele za watu, "Sasa mwanangu ale hilo jicho lako?" Jicho alijaza ndoo yake akaondoka. Kiwandani Meneja hakumfukuza, maana mgeni alikuwa ameshaandika jina lake, ila alimpita kama anavyopita nguzo.

Lakini nyumbani ndiko alikoumia. Bi Shoto hakugomba. Afadhali angegomba! Aliacha tu kusema naye. Mikono yake, isiyozoea kukaa, ilikunja na kukunjua ncha ya nguo mchana kutwa, na wakati wa kula alimgeukia mwanawe.

"Mwambie mkeo anisogezee chumvi."

"Mama, si huyo hapo?"

"Nimekuambia wewe."

Na mume wa watu, mtu mpole asiyetaka vita na mtu yeyote, akawa anageuka kulia kusema "chumvi" na kugeuka kushoto kusema "hii hapa," mpaka shingo ikamuuma. Jicho alisogeza chumvi. Alijua amesema kweli, na alijua pia kwamba amemfunga mama huyu mikono yote miwili. Yote mawili yalimkaa kifuani, na hakuna lililomwondoa mwenzake.

Mvua zilikuwa zimeshaanza wakati majibu yalipokuja. Mnunuzi hakukimbia. Sharti liliandikwa upya: wa nyumbani wahesabiwe kuwa wafanyakazi, walipwe sawa na wa ndani, wapewe sindano na taa, na akiugua mtu asipoteze nafasi yake. Dalali naye akawa dereva wa mshahara, jambo lililompa adabu ambayo hakuna aliyeitarajia. Kwa kuanzia, kila fundi alitakiwa kushona koti moja na kulileta mwenyewe kwenye meza ya ukaguzi. Meza ya Jicho.

Walikuja asubuhi, wakapanga foleni. Mama wa kichanga alipita, akatabasamu nusu. Wengine wawili walirudishwa kurekebisha. Kisha pikipiki ya Dalali ikaingia hadi ndani ya uzio na Bi Shoto amekaa upande, miguu mbele, koti kifuani. Hakukubali kushikwa mkono. Alitembea mwenyewe hadi mezani, akaliweka koti, akatazama ukuta.

Meneja, aliyesimama pembeni, aliinama juu ya kifungo cha kwanza. "Huyu anazungusha kinyume," alisema. "Tumeshaaibika kwa hili mara moja. Nataka wote wazungushe upande mmoja."

Jicho alimsogezea koti.

"Vuta, Bosi."

"Nini?"

"Kivute hicho kifungo. Kwa nguvu zako zote."

Meneja alivuta. Akaweka mguu kwenye ubavu wa meza, akavuta tena, uso ukabadilika rangi, na Chiriku kule nyuma akasikika akimwombea. Kifungo kilibaki palepale.

"Hapo hapana kosa," alisema Jicho.

Akalirudisha koti mbele yake, akalipitia kama makoti mengine yote: kifungo, tundu, kifungo, tundu, akageuza upande wa ndani. Kidole chake kikasimama. Alitamani kisingesimama. Mama mkwe ameletwa kwa pikipiki na magoti yake, mtaa mzima unatazama, na wiki nyingi za kimya ziko katikati yao. Ingekuwa rahisi kupitisha mkono juu yake, na hakuna jicho lingine pale ambalo lingeona.

"Hapa," alisema.

Kwenye bitana, nyuma ya kifungo cha mwisho, ulibaki uzi haujakatwa, mfupi kama kope.

Bi Shoto aliacha kutazama ukuta. Alivaa miwani, akainama, akautafuta uzi ule, akauona. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Kisha akainua koti mdomoni, akaukata uzi kwa meno, akaliweka tena mezani mbele ya mkwewe.

"Haya, Jicho," alisema. "Tazama tena."

Jicho alitazama tena, yote, tangu mwanzo, kwa sababu ndivyo kazi ilivyotaka.

"Limepita, mama."

Jioni ile walikula kama kawaida. Mume aliona mama yake akiinua uso kutoka kwenye sahani, akajiandaa kugeuza shingo.

"Nisogezee chumvi, mwanangu," alisema Bi Shoto, na hakuwa anamtazama yeye.