Kiraka Juu ya Mlango wa Mwalimu

Mimi ni fundi rangi, na kwa miaka ishirini sijawahi kuacha kiraka kwenye ukuta wa mtu. Waulize mafundi wenzangu. Wananionea kijicho, na wana haki.

Ijumaa ile nilikuwa namalizia nyumba ya mwalimu mstaafu. Kesho yake wakwe wa mwanawe walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza, naye alitaka ukuta wa mbele uwe mweupe pe. Ilibaki sehemu moja tu, juu ya mlango. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikuwa na binti yangu wa miaka minane, Kiherehere. Jina hilo nilimpa mimi, na hajawahi kuniangusha.

Nilikwenda bombani kuosha rola. Kurudi, nikamkuta juu kabisa ya ngazi, mkono umezama kwenye kiota cha mbayuwayu chini ya paa.

"Shuka!"

"Mama, wako wanne! Nataka kuwalisha mkate."

"Nani kakwambia wanakula mkate? Shuka kabla sijapanda huko!"

Alishuka akilia. Hapo ndipo nilipowaona mbayuwayu wawili kwenye waya wa umeme, midomo imejaa wadudu. Wanakuja, wanaiona ngazi, wanageuka. Hasira ikaniishia, hofu ikaingia. Makinda wangeshinda na njaa hivyo, wangekufa. Na ngazi hiyo niliisimamisha mimi, tangu asubuhi, nikiwaza ukuta tu. Kumbe mkosaji wa kwanza hakuwa mtoto.

Niliiondoa ngazi, tukaenda kukaa kitako langoni. Nikachukua bomba la boksi, lile la katikati linalobaki nailoni ya kufunikia sakafu ikiisha, nikampa.

"Tazama humo. Macho hayana pazia. Mikono ndiyo yenye mipaka."

Mtoto ambaye hata kula anakula huku anazunguka meza, alitulia tuli. Mbayuwayu wa kwanza aliingia. Vinywa vinne vya njano vikafunguka.

"Mama," alinong'ona, "yule wa kushoto mlafi."

"Kama nani?"

"Kama baba."

Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo.

Mara Mwalimu akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba. "Fundi, mbona mmekaa? Angusha hicho kiota upake rangi, muda umekwisha."

Kabla sijajibu, Kiherehere alikuwa ameshamzibia njia. "Shikamoo Mwalimu. Simama hapo hapo, tafadhali. Ukisogea, hawali."

Nadhani yule mzee hakuwahi kuambiwa na mtoto asimame maisha yake yote. Alisimama.

"Sikiangushi," nikasema. "Wala ngazi hairudi pale mpaka makinda waruke."

"Na wakwe waone kiraka juu ya mlango wangu?"

"Wakiuliza, wape jina langu. Wewe mwambie kila mtu fundi ni mimi."

Kusema kweli, maneno hayo yaliniuma yalipokuwa yanatoka. Jina ndilo mtaji wangu. Lakini sikuyarudisha.

Mwalimu alinitazama, akamtazama mtoto, akanyoosha mkono kuomba bomba. Alichungulia kwa muda mrefu.

"Huyo wa kushoto," akasema, "anahitaji viboko."

Jumamosi wakwe waliingilia mlango wa jikoni, kwa amri ya Kiherehere aliyesimama langoni na bomba lake. Walipanga foleni kuchungulia, na suti zao. Juu ya mlango wa mbele kiraka kilionekana waziwazi, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Baada ya wiki tatu kiota kilikuwa kitupu. Nilirudi na ngazi, nikaziba kiraka changu, nikakizunguka kiota kwa brashi ndogo bila kukigusa, maana mbayuwayu huwa wanarudi. Kiherehere alinishikia ngazi. Nilipomaliza nikamwonea huruma.

"Haya, panda ukiguse sasa. Hamna mtu."

Alikitazama kile kiota kwa hamu, akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Siyo kwetu."