Mashua ya Chuma Tuliyoimwagia Maji

Mashua ile ya chuma ilivutwa nchi kavu hapa kijijini kwetu Hewani, kando ya mto, wakati wa kiangazi, ikapinduliwa tumbo juu. Mwenyewe, mzungu mmoja mnunuzi wa pembe, alikwenda zake Lamu. Msimamizi wake, Swaleh wa Kipini, akaja kwa baba.

"Mzee Buya, kwangua kutu yote, kisha upake rangi. Mwezi ukiandama bwana anarudi. Akiikuta safi, wewe ndiwe mlinzi wake. Posho na nguo mpaka ufe."

"Na asipoikuta safi?"

"Basi rudi kwenye mitumbwi yako." Akacheka.

Kila mtu alijua kuwa baba hachongi tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa linafuata. Mtumbwi wake wa mwisho uliegemea upande, aliyeuagiza akaukataa mbele za watu. Tulikuwa tunakula ndizi za mjomba wangu Jilo, na mjomba alishaanza kukohoa akituona tunakuja.

Baba alikwangua kwa tezo lake kuukuu la kuchongea mitumbwi. Mimi nilifuata nyuma kwa mchanga na majani ya msasa. Kutu ilibanduka magamba magamba, ikatuingia puani na kwenye kucha. Siku ya nne chuma kikawa cha kijivu, kinang'aa. Baba akapitisha kiganja juu yake, akatabasamu.

"Sasa maji, Mwanatumu. Kabla jua halijakipasua."

Kwetu, mtumbwi ukikaa nchi kavu humwagiwa maji ukafunikwa majani mabichi, ili mti usipasuke. Baba alifanya hivyo maisha yake yote, na hakuna mtumbwi wake uliopata ufa. Basi nikateka. Mtungi baada ya mtungi, na majani ya migomba juu yake.

Asubuhi tulipofunua, chuma kilikuwa chekundu chote.

"Tuliacha chembe," baba akasema. Tukakwangua upya, nikateka maji upya. Kesho yake vile vile. Mara ya tatu akaanza kuuliza ni nani anayepita pale sisi tukilala, ni nani mwenye kijicho naye.

Mimi nilikuwa nimeona. Pale jani lilipoteleza, chuma kikapigwa na jua, hapakuwa na kutu. Nikamwambia.

"Wewe umechonga mitumbwi mingapi?"

Nikanyamaza. Nikateka maji siku nne zaidi. Hizo siku nne ndizo zinazoniuma.

Aliyelisema ni Sabdio, mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa. Alisimama na kibuyu chake, akatutazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nyinyi nakogesha chuma? Chuma hapana mtoto! Mkuki ya mume yangu napaka mafuta tu. Maji hapana ona."

Jioni ile baba hakunituma mtoni. Tukakwangua mara ya mwisho, tukaifuta kwa kitambaa, tukaiacha juani. Kutu haikurudi.

Swaleh akaja na kopo la rangi. "Mashallah, mzee! Paka basi, mwezi kesho kutwa." Akaenda kukaa kivulini.

Nilikuwa namalizia kufuta vumbi ubavuni kabla ya rangi nilipohisi chuma kinabonyea chini ya kidole kama ganda la yai. Nikabonyeza, pakatoboka tundu kama punje ya hindi. Baba hakuliona. Ningeweza kunyamaza tena. Nikamshika kidole, nikakiweka pale.

Akapapasa kwa muda mrefu.

"Pako pengine?"

"Pawili, baba. Pamekuwa pembamba."

"Swaleh ameona?"

"Hajaona."

"Rangi ni nzito," akasema polepole. "Itaziba."

Nilisikia anavyopumua.

"Mashua hii hupakia watu wangapi?"

"Kumi na wawili. Na mizigo."

Akainua tezo, akalitafuta tundu kwa mkono wa kushoto, akapiga. Tezo likazama lote.

Swaleh alikuja mbio. "Una wazimu wewe! Umetoboa mashua ya watu!"

"Ilikuwa imekwisha kuoza. Nimekuonyesha tu, usije ukaipaka rangi."

"Ilikuja hapa nzima! Nani kaiozesha?"

Nilifungua mdomo. Baba akanishika mkono, akanibana.

"Mimi," akasema.

Swaleh alichukua kopo lake, halijafunguliwa, akaondoka akitukana. Mzungu aliporudi hakutuita. Mashua ikabaki pale pale, mbuzi wakalala chini yake.

Mpunga ulipozaa, baba aliniomba nimpeleke kwa mjomba, akaomba kazi ya kuwinga ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Hiyo kwetu ni kazi ya watoto. Sasa hukaa juu ya kichanja kuanzia alfajiri, kichwa kimeinama, akisikiliza. Akisikia mabawa hurusha donge la udongo upande ule. Mara nyingi ndege wako upande mwingine.