Kuna Mtu wa Familia Ndani

Kwao hakuna aliyejua hasa anafanya kazi gani. Shangazi yake aliwaambia majirani kwamba anatengeneza kompyuta, na majirani wakawa wanamletea redio zilizokufa na pasi zisizopata moto. Alieleza mpaka akachoka. Ukweli ni kwamba hakuwahi kushika bisibisi maishani mwake. Aliandika programu, yale maagizo yanayoiambia tovuti ifanye nini mtu akibonyeza hapa au pale, na aliziandika vizuri, peke yake, kwenye meza ya pembeni karibu na dirisha lisilofunguka. Ofisini walimwita Injinia. Jina lilikuwa la heshima, lakini heshima nayo ina baridi yake. Hakuna mtu anayemuuliza Injinia ameamkaje.

Tovuti aliyoitunza ilikuwa ya hospitali kubwa, ya kuandikisha watu wanaokwenda kutazama wagonjwa. Zilikuwepo wodi ambazo wagonjwa wake hawakutakiwa kupata hata mafua, na huko kila mgonjwa aliruhusiwa mgeni mmoja kwa siku, basi. Mgonjwa alipewa nambari moja na nenosiri moja, na ukoo mzima ukaingilia hapohapo. Binti, mkwe, mjomba wa mbali anayejitokeza mtu akishalazwa, wote machoni pa mashine walikuwa mtu mmoja.

Balaa lilianzia hapo. Kila familia iliwekewa kumbukumbu moja ya pamoja, ambayo watu wa kazi hiyo huiita kikao. Mke akiingia anapewa nakala ya kikao. Shemeji akiingia dakika hiyohiyo anapewa nakala ileile. Mke anajiandikisha Jumanne, anahifadhi. Shemeji anajiandikisha Ijumaa kwenye nakala yake ambayo haina habari yoyote ya Jumanne, naye anahifadhi. Anayehifadhi wa mwisho ndiye anayebaki. Jumanne ya mke imefutika, na hakuna aliyemwambia. Anafika getini amejipamba, na mlinzi anamwambia jina lake halipo.

Matusi yote yalimwangukia mpokea simu za wateja, bwana mmoja mnene waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Siku moja Redio alikuja kwenye meza ya pembeni na kumwambia Injinia kwamba ametukanwa na bibi wa watu hadi akasahau jina la baba yake, na kwamba kama hakuna dawa aambiwe mapema akauze vitunguu.

Dawa ilikuwepo. Dawa ya vitu vya kushirikiana ni kufuli. Wa kwanza kuingia anashika kufuli ya kikao cha familia yake. Atakayefuata anaambiwa asubiri mpaka wa kwanza atoke. Injinia aliiandika kwa siku chache, akaijaribu, ikakaa. Ukiingia na kumkuta mwenzako yumo, skrini inakuandikia kwa herufi za bluu: Kuna mtu wa familia ndani. Tafadhali subiri. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe na yalimpendeza, aliona yana adabu.

Kwa kawaida kufuli ya namna hiyo huwekewa muda, ukipita inajifungua yenyewe. Yeye aliutoa ule muda. Kwenye majaribio wazee wanaoandika kwa kidole kimoja walikuwa wanatupwa nje kabla hawajamaliza jina, na alikuwa na huruma na wazee. Meneja alimuuliza itakuwaje mtu akisahau kutoka. Akajibu, bila hata kuinua macho, kwamba ni nani huyo atakayekaa kwenye ukurasa wa hospitali kutwa kucha. Meneja akacheka, kazi ikapita.

Baba yake alilazwa baada ya hapo, kwenye mojawapo ya wodi zilezile.

Mzee alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Ile sauti inayotoka kwenye spika na kukuambia treni gani imechelewa na wewe usimame wapi, ndiyo yeye. Watu walikuwa wanamtambua sokoni akiuliza bei. Sasa kilichomshika kilikuwa kooni, na madaktari walisema waziwazi: wataondoa kisanduku cha sauti, atapona, ataishi, lakini hatasema tena. Tarehe ikapangwa Alhamisi ya wiki ya pili.

Alikuwa na watoto wawili tu, Injinia na mdogo wake kitinda mimba, mwanamume anayezunguka miji na gari la kufunga mitambo ya baridi kwenye maghala. Hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu mama yao azikwe. Siku ile, wakiwa jikoni, huku wageni wamejaa sebuleni, kijana alimwambia dada yake kwamba alimshika mama peke yake kana kwamba walizaliwa na mama wawili tofauti. Dada akamuuliza alikuwa wapi mama alipokuwa akigeuzwa kitandani. Hakuna aliyepandisha sauti. Waliosha vyombo mpaka vikaisha, wakaachana.

Kwa hiyo nambari ya baba na nenosiri Injinia hakumpelekea mwenyewe. Alimtumia shangazi amfikishie, na shangazi akasema amefikisha. Basi, wajibu umekwisha. Akitaka aje, njia anaijua.

Yeye alikwenda kila siku. Asubuhi akifika ofisini, kabla ya kuvua koti, alifungua ukurasa wa baba kwenye skrini ya pili, akajiandikisha, akauacha hapo. Wauguzi walikuwa wakiandika kimstari kidogo kuhusu mgonjwa: amelala vizuri, ameoga, ameomba gazeti. Ukurasa ulijichungulia wenyewe kila baada ya muda, na kimstari kipya kikija kilijitokeza juu. Alifanya kazi huku jicho moja liko pale. Jioni alizima taa, akafunga mlango, na kompyuta akaiacha ikiwaka, kwa maana kesho ataikuta ilipo. Tuseme ukweli, alikuwa mpweke, na ule ukurasa ulikuwa mtu wa nyumbani. Chumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba ameoga au ameomba gazeti.

Mganga hajigangi. Mwanamke aliyeandika kila mstari wa ile kufuli hakujiuliza hata mara moja nani ameishika kufuli ya baba yake.

Ndugu yake hakutokea. Siku ya kwanza Injinia alikasirika. Siku zilizofuata hasira ilipoa na mahali pake pakaingia kitu kingine, ambacho asingekikubali ukimuuliza, lakini kilikuwepo: alifurahi. Kila siku isiyo na yule kijana ilikuwa ushahidi wake. Asiyekuwepo na lake halipo, aliwaza kwenye korido, akijipaka dawa ya mikono.

Jumatano, siku moja kabla ya upasuaji, alimkuta mzee ameketi, amenyolewa ndevu. Sauti ilikuwa imebaki ya kukwaruza, lakini bado ilikuwa ile. Walizungumza mambo madogo, mto, kelele za jirani. Kisha mzee akatazama mlango, akauliza kama alivyokuwa akiuliza mezani zamani, chakula kikishapakuliwa na kitinda mimba bado yuko nje anacheza:

"Abiria wa mwisho hajafika?"

"Hajafika, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akasema treni itamngoja kidogo. Akaendelea kutazama mlango, na Injinia akamkunjia shuka miguuni, na muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Alhamisi walimpasua. Kila kitu kilikwenda sawa. Ijumaa alimkuta amefungwa bandeji shingoni, macho mazima, mkono wake umeushika wa bintiye kwa nguvu, na kimya.

Jumatatu Redio alikwenda kula. Wakati kama huo simu za wateja hupokewa na yeyote aliye karibu, na siku hiyo karibu hakukuwa na mtu ila Injinia, aliyekuja kuchukua karatasi za printa. Simu ikalia. Akavaa vile visikilizio vya Redio, vyenye jasho la Redio, akasalimia na kuuliza amsaidie nini.

Mwanamume wa upande wa pili alisema samahani kwa usumbufu, ana ombi dogo. Ana mgonjwa kwenye wodi yao. Tangu mgonjwa alazwe, kila akifungua tovuti anaambiwa kuna mtu wa familia ndani, asubiri. Amesubiri asubuhi, amesubiri mchana akiwa juu ya paa la ghala, amesubiri usiku. Hajawahi kuingia hata mara moja. Haji kulaumu. Anaomba tu apewe nambari yake mwenyewe, tofauti, kama inawezekana.

Injinia alikwishaitambua sauti kwenye neno samahani. Ilikuwa imefanana na ya mzee kuliko alivyokumbuka. Alisimama na karatasi mkononi, akaangalia kule pembeni, kwenye meza yake. Kutoka pale alipo aliiona skrini ya pili ikiwaka, na juu yake kile kimstari: anaendelea vizuri.

Akaelewa yote kwa pamoja. Alikuwa ameshika kufuli kwa wiki mbili. Kwa kuandika jina lake kila siku alihitaji kuishika kwa muda wa kupepesa jicho, aandike, aachie. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na hata mwanafunzi anajua. Yeye aliifunga kwa muda wote ambao ukurasa uko wazi. Tena hakuandika popote kwamba aliye ndani naye aambiwe kuna anayesubiri. Aliye nje anaona maandishi ya bluu. Aliye ndani haoni chochote, anadhani yuko peke yake.

Angeweza kusema atalishughulikia, akakata. Redio angesema hivyo, na kijana angeshukuru. Hilo lilimpitia akilini, tusimfanye malaika.

"Ni mimi," alisema.

Kijana akauliza, taratibu, kama anafanya kazi huko. Akasema ndiyo. Akaeleza. Alieleza kama anayemweleza meneja, kufuli, kikao, muda alioutoa, na alipofika kwenye skrini ya pili akalazimika kuanza upya. Alisema hakukusudia. Alisema hakujua kuna mtu anasubiri.

"Mimi nilidhani unajua," alisema ndugu yake. "Nilijua ni wewe. Nani mwingine? Nikasema, dada amekaa mlangoni. Hataki nimwone mzee. Nikasema basi, nitasubiri achoke."

"Ungenipigia."

"Ungepokea?"

Wote wawili walilijua jibu. Kutoka upande wa pili alisikia mashine kubwa ikinguruma na mtu akimwita kijana, na kijana akimwambia huyo mtu angoje.

"Aliongea mpaka siku gani?" akauliza.

"Jumatano."

"Alisema nini?"

Dunia nzima hakuna mwingine aliyekuwepo. Maneno ya mwisho ya ile sauti yalikuwa kwake tu, na angeweza kumpa yale ya mto na kelele za jirani, yakatosha. Akamwambia ya abiria wa mwisho. Akamwambia treni itamngoja kidogo. Akayasema bila kuyaigiza, na hata hivyo yalitoka vibaya, kwa sauti nyembamba ya mwanamke aliyesimama kwenye meza ya mtu mwingine.

Ndugu yake alipumua kwenye simu.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hujafika."

Mngurumo kule ukaendelea. Injinia alifumba macho akisubiri alaumiwe. Alitaka alaumiwe, ingekuwa nafuu.

"Jumatano nilikuwa getini, dada," alisema kijana. "Nilikuja hivyohivyo, bila kujiandikisha. Nilimbembeleza yule mlinzi, lakini yule hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Akasema jina langu halipo. Nikakaa kwenye ukuta wa nje mpaka muda ukaisha. Nikakuona unatoka."

Hakukata simu. Naye hakukata. Alivuta kibodi ya Redio, akafunga kutoka pale ule ukurasa uliokuwa wazi kwenye meza yake, akaandika jina la ndugu yake kwenye siku ya kesho, na ya keshokutwa, na zote zilizofuata mpaka mwisho wa mwezi. Alikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Akamwambia amemwandikisha. Kijana akasema sawa. Baadaye kidogo akauliza sasa mzee anasemaje akitaka kitu, na yeye akamweleza kwamba anakushika mkono, na kwamba inabidi uketi upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia una sindano.

Redio alirudi akijifuta mdomo, akasimama nyuma ya kiti chake akingoja apishwe. Aliona Injinia amekaa, visikilizio masikioni, hasemi neno, na ile taa ndogo ya simu inaonyesha mtu bado yuko kwenye laini. Akaonyesha kwa kidole kwamba aachiwe simu, apokee yeye. Injinia akatikisa kichwa kukataa.