Chokaa ya Babu Ezell

Mtu wa kwetu humjui mpaka umtie mkononi kokwa ya pekani, njugu inayozaliwa mtini. Asiyejua ataipasua na kuitafuna. Anayejua ataigeuza kwanza, ataangalia ncha, ataipima uzito kiganjani, kisha atakwambia imetoka shamba la nani. Mke wangu Verlene ni wa kundi la pili, na ujuzi wake huo nusura utukosanishe na jirani tuliyezeeka naye.

Ilikuwa Novemba, msimu umepamba moto, na banda letu la kupasulia limejaa magunia ya watu. Deandra, mkwe wa jirani yetu Hosea Pinkard, akaja na gari lake dogo la mizigo, akashusha gunia moja mlangoni.

"Shikamoo Mama Verlene. Naomba unipasulie hizi. Baba mkwe ameanguka kwenye ngazi, mkono umevunjika, uko kwenye plasta. Hawezi kuendesha kwenda mjini."

"Maskini. Na yeye ndiye kakutuma?"

"Yeye kalala, dawa zinamlaza. Nimejiongeza tu. Mwaka hadi mwaka anapita na pekani zake mlangoni kwenu, anakwenda kuzipasulia mjini, na banda liko hapa hapa ng'ambo ya uzio. Mimi sielewi wazee."

Verlene akacheka, akaokota kokwa moja juu ya gunia. Kicheko kikakatika. Aliishika muda mrefu, akaigeuza, akaipasua kwa kuibana na nyingine kiganjani, akalamba kiini. Akamwambia Deandra mashine imeleta matata kidogo, aache gunia. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake, nzima kabisa. Sikumwelewa mke wangu, lakini nimeoa muda wa kutosha kujua lini ninyamaze.

Binti alipoondoka, Verlene akaenda kwenye pipa letu, lile la pekani za Mti wa Babu, ule ulio mbele ya nyumba yetu, akachukua kokwa moja, akaziweka mbili juu ya meza.

"Thurman. Ipi yetu?"

Nikatazama. Zote ndefu, ganda jembamba, michirizi myeusi imeishia katikati, ncha imepinda kidogo kushoto. Nikaonyesha moja.

"Hiyo ya Hosea," akasema. "Hata wewe umeshindwa."

Sasa, pekani si mahindi. Ukipanda kokwa, mti utakaoota hauzai kama mama yake, unazaa kama unavyojisikia. Kupata kokwa ile ile kwenye mti mwingine kuna njia moja tu, ni kubebesha. Unakata kijiti cha mti unaoutaka, unakichomeka kwenye shina la mche mwingine, unafunga, unaomba Mungu. Kwa hiyo kama kwa Hosea kulikuwa na mti unaozaa kokwa zetu, basi kuna mkono uliowahi kuja na kisu kwenye mti wetu. Na mti ule haukuwa mti tu.

Ezell Tolliver, babu yake Verlene, alilima mashamba ya watu mpaka akapata kununua lake. Siku aliyonunua, hadithi inasema, alitoa mfukoni kokwa moja aliyoiokota kandoni mwa mto Mississippi alipokuwa akitembea kutafuta kazi, akaifukia mbele ya nyumba. Hakuacha picha. Kaburini pake pana jiwe ambalo mvua imelila jina. Aliacha mti, na hadithi yake tunaisimulia kwenye kila harusi na kila msiba wa akina Tolliver, mimi niliyeoa tu nikiwa ndani yake mpaka shingoni. Na Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa aje bwana wa kitalu kikubwa cha miche. Alikuwa ameonja pekani zetu kwenye maonyesho, anataka kuuza miche ya mti wetu nchi nzima, na jina la aina hiyo atalichagua mwenye mti mama. Verlene alishalichagua kabla hajaulizwa. Pekani ya Tolliver. Alikuwa anaiimba jikoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na akazima mashine.

Toka hapo nyumba haikukalika. Kila jambo jema Hosea alilowahi kututendea lilifufuliwa na kuhojiwa. Viazi vitamu anavyotuletea kila Krismasi? Viazi vya hatia hivyo. Alivyomlilia mama mkwe wangu msibani kuliko sisi wenyewe? Dhamiri ilikuwa inamsuta. Na lile la kupitiliza banda letu miaka yote, eti anapenda kuendesha gari!

"Alijua nitazitambua," Verlene akasema huku akikatakata sukuma kana kwamba zimemkosea. "Baba yake, Mzee Lonzo, ndiye aliyekuwa anampogolea babu matawi. Kisu mkononi, babu kageuka, basi. Wanatucheka nyuma ya uzio tangu sijazaliwa."

"Hosea hamcheki mtu hata kwenye komedi."

"Mtetee. Si anakuita shemeji."

Nami, ningependa kusema nilibaki mtu wa haki, lakini shaka huambukiza kama mafua. Jumapili kanisani Hosea, ambaye ni shemasi, alipitisha sahani ya sadaka kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umening'inia kwenye kitambaa, na mimi nikajikuta nauangalia ule mzima, naona una vidole virefu mno.

Baada ya ibada Verlene akamsubiri mlangoni.

"Kaka Hosea. Pole na mkono."

"Ahsante, Dada. Nasikia gunia langu limekuja kwako." Hakuwa anatabasamu.

"Limekuja. Mti wenyewe uko wapi?"

"Nyuma ya banda la kuku."

"Baba yako aliupata wapi?"

"Uliota."

"Uliota."

"Miti huota, Verlene. Ndiyo kazi yake."

"Nataka kuuona."

Akanitazama mimi, si yeye, kama anayeniomba nimshike mke wangu. Sikumshika. "Njooni basi," akasema.

Mti ulikuwa mkubwa, mkubwa kuliko wetu, na hilo lilinikera sijui kwa nini. Verlene, bado na kofia yake ya kanisani, akapiga magoti kwenye kinyesi cha kuku. Mti uliobebeshwa huwa na kovu, hata uzeeke vipi. Chini gome ni la mti mmoja, juu ni la mwingine, na unaona mahali walipokutana. Alipapasa kwa vidole kuanzia mizizini, akazunguka, akapanda mpaka mkono wake ulipofikia, akaniamuru nimletee boksi la mayai akanyage atazame juu zaidi. Gome lilikuwa moja, la magamba mapana, kutoka ardhini hadi kwenye matawi. Hapakuwa na kovu.

"Umeridhika?" Hosea akauliza.

"Hapana."

"Basi uridhike. Nenda ukampikie mumeo. Usianze kukwangua kila kitu kwenye kaunti hii."

Tulifika nusu ya njia ndipo maneno yale yakanirudia. Verlene alikuwa amepapasa tu. Nani alitaja kukwangua? Gome la Hosea halikuwa na kitu cha kukwangua. Nikataka kusema, nikamwona mke wangu ametangulia, amesimama mbele ya nyumba yetu, akiutazama Mti wa Babu, na nikajua amelifikia wazo hilo kabla yangu.

Mti wetu ni mweupe kuanzia chini hadi kiunoni. Kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka ukoo mzima unakusanyika kuupaka chokaa, watoto wanapakana wenyewe kwa wenyewe, halafu tunakula. Babu Ezell ndiye aliyeanzisha. Alisema ni kwa ajili ya jua la majira ya baridi, lisije likapasua gome.

"Thurman," Verlene akasema taratibu, "mbona tunapaka huu peke yake?"

"Kwa sababu ya jua."

"Ile mingine kule nyuma haiwakiwi na jua?"

Chokaa ni ya miche, ngozi yake bado laini. Mti mzima una gome la kukinga hata shoka, hilo kila mtu kwetu analijua, na kila Pasaka sote tulishika brashi.

Akachukua jembe lililokuwa ukutani, akaanza kukwangua. Chokaa ilibanduka vipande vinene, Pasaka juu ya Pasaka. Nilimwambia aache, akaendelea. Usawa wa paja lake, kovu likatokea, limezunguka shina kama mshipi. Juu yake magamba mapana, yale yale ya nyuma ya banda la kuku. Chini yake gome jingine kabisa, jembamba, la mipasuko midogo midogo.

Mkuki kwa nguruwe. Verlene aliketi chini na nguo yake ya Jumapili, jembe magotini, na mimi niliyekuwa nimechoshwa na hadithi ya ile kokwa ya mfukoni kwa miaka yote nikaona nimeibiwa kitu changu.

"Nilikukataza," sauti ikasema. Hosea alikuwa kwenye lile pengo la uzio tunalopitia, ametufuata.

"Ulijua," Verlene akasema.

"Toka utotoni. Baba alikuta kijiti kimekatwa kwenye mti wetu, kimekatwa kwa mshazari, mkono wa mtu anayejua. Hakuuliza. Miaka ikaenda, mti wenu ukaanza kuzaa, na mzee Ezell akaanza kupaka chokaa."

"Na baba yako akanyamaza?"

"Alisema mtu aliyenunua ardhi yake ya kwanza anahitaji kitu cha kuwaambia wanawe. Akatuapisha pekani za mti wetu zisiingie kwenye banda la Tolliver hata moja. Deandra hakuambiwa, kosa langu." Akajikuna kwenye plasta. "Sasa paka chokaa yako, Verlene, yaishe. Mimi sina haja ya jina. Majina niliyonayo yananitosha."

Verlene aliingia ndani, na siku zote zilizofuata hakumjibu mtu, hata mimi. Alipasua pekani za watu, akazipepeta maganda, akazifunga. Ijumaa mchana tu ndipo aliponiuliza, bila kuniangalia, "Ndoo ya chokaa iko wapi?"

"Ghalani. Ya nini?"

"Nimeuliza tu."

Nikaanza kumshuku mke wangu. Sijivunii. Nilijua anavyompenda yule babu ambaye hakuwahi hata kumwona, na bwana wa kitalu anakuja kesho yake. Nani angejua? Sisi wawili na Hosea, na Hosea alishasema yaishe. Nilimtazama akikanda unga wa pai, nikajiuliza nimelala na nani miaka yote hii. Kisha nikajiuliza swali baya zaidi. Je, akipaka, nitasema? Niliogopa jibu langu.

Jumamosi asubuhi nikatoka na kahawa yangu, nikauona. Mti ulikuwa mweupe, umepakwa kuanzia chini hadi kiunoni, chokaa bado mbichi inatiririka.

Verlene alikuwa kibarazani nyuma yangu.

"Thurman," akasema, "sikukuomba ufanye hivi."

"Mimi? Mimi nimedhani wewe."

Tukatazamana, kila mmoja akimpima mwenzake. Aibu ilinishika, na nikaiona imemshika na yeye, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameamini kwamba mwenzake ndiye.

Ndipo tukasogea karibu. Ilikuwa kazi mbovu. Brashi ilikuwa imekwenda ovyo, imeruka huku, imerundika kule, kama ya mtu aliyepaka kwa mkono asiouzoea. Na matone ya chokaa yalikuwa yamefuatana majanini, kutoka mtini hadi kwenye pengo la uzio.

Verlene akaweka mkono mdomoni. Sijamwona akilia namna ile tangu msiba wa mama yake. Halafu akafuta uso kwa aproni, akaenda bombani, akarudi na ndoo ya maji na matambara, na alikuwa anausugua mti ule kwa mikono yote miwili wakati gari la bwana wa kitalu lilipoingia uani. Yule bwana akashuka, akasimama na kofia mkononi.

"Karibu," Verlene akamwambia bila kugeuka. "Huu ndio mtoto. Mama yake yuko ng'ambo, nyuma ya banda la kuku. Utaandika Pekani ya Pinkard."

"Nisamehe, mama, kwenye simu ulisema…"

"Nilisema nisilolijua. Babu yangu alikiiba kijiti hiki. Andika na hilo, kama pana nafasi."

Hosea alikuwa ameshafika kwenye pengo, ndevu na plasta vimejaa madoa meupe.

"Verlene, nimeamka alfajiri na mkono mmoja. Sasa unaniharibia kazi."

"Kazi gani hii? Hata kuku wako wangepaka vizuri zaidi." Akamrushia tambara. "Gunia lako nimelipasua. Liko mezani, na usinipitilize tena na gari lako. Njoo, sugua upande huo. Baba yako hakukukataza kusugua."

Hosea akamtazama yule bwana, akanitazama mimi, akaliokota tambara kwa mkono wa kushoto. Akapiga goti moja, kisha la pili, akaanza kusugua pale kwenye kovu.