Digrii Kumi na Nane

Gereji nzima ilimwita Kurunzi, na jina lilimkaa. Hakuwa mtu wa kuamini kitu mpaka akimulike. Ukimletea kopo jipya la oili, alimulika kwanza kifuniko aone kama kimeguswa. Mkewe akimwambia chai tayari, aliinama kuchungulia kikombe. Sasa mtu wa namna hiyo umpe gari lililotaka kumuua dada yake, halafu umwambie atulie!

Gari lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Shemeji alikuwa mpima ardhi, mtu wa kwenda kusikokuwa na barabara, na miezi miwili nyuma alikuwa amelipandisha katika gereji nyingine. Aliwekewa springi ndefu, shokapu ndefu na matairi mapana, gari likasimama juu mpaka watoto wakawa hawapandi bila kubebwa. Siku nyingi aliliendesha mwenyewe. Jumanne moja alisafiri na gari la ofisini, dada akalichukua kuwapeleka watoto shule. Shukuru Mungu watoto walikuwa wameshashuka. Wakati wa kurudi aliingia kona ya kulia, kona anayoijua miaka yote, na gari likamkatalia. Tairi la mbele kushoto lilijikamata, usukani ukamvuta, na aliposhtuka alikuwa mtaroni, mkono umevunjika.

"Sikukanyaga breki, kaka," alisema hospitalini. "Mguu ulikuwa kwenye mafuta. Gari lilijishika lenyewe, utadhani kuna mtu ndani."

Kurunzi akamtazama shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wa mkewe mkononi. Damu zao hazikuwahi kupatana. Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa Kurunzi mtu wa maneno machache ni mtu anayeficha mengi.

"Mbona wewe halijakufanyia hivyo?"

"Sijui," alisema shemeji.

Basi, "sijui" hiyo ndiyo iliyomponza.

Dada na watoto wakahamia kwa Kurunzi, mkono upate kupona na wifi yake amsaidie. Shemeji alikubali bila ubishi, na hilo pia Kurunzi akalitilia shaka. Halafu gari likaletwa gerejini kwake likivutwa, shemeji mwenyewe akiwa nyuma yake kwa miguu.

"Wewe ni mtu wa nyumbani," shemeji alisema. "Chochote utakachokiona, utatuambia."

Mtu mwingine angeguswa moyo. Kurunzi alijiuliza kwa nini hakulirudisha kulekule lilikopandishwa.

Siku ya tatu dada alikuwa jikoni, anahangaika kufunga kamba za kiatu cha mwanawe kwa mkono mmoja, mara akasimama. "Kaka, kuna kitu nilisahau kukwambia. Kabla ya kuondoka huwa anabonyeza kitufe fulani chini ya redio. Kila siku. Nikimuuliza, ananiambia ni mambo ya gari tu."

"Na wewe Jumanne ulikibonyeza?"

"Nitakibonyezaje na sikijui kazi yake?"

Kurunzi aliweka kikombe chini. Kitufe hicho alikijua. Kinazima mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Kompyuta ikiona gari linaelekea kusikolingana na usukani, inakamata breki ya tairi moja ili ilirudishe njiani. Ukibonyeza, inakaa kimya mpaka gari lizimwe na kuwashwa tena. Kwa hiyo shemeji alikuwa na habari! Yeye akiendesha anauzima, na mkewe anamwachia ukiwaka.

"Mdogo wangu," alisema, na hapo ndipo angepaswa kuuma ulimi, "huyu mtu anajua kitu. Huyu mtu anakutafuta."

"Ananitafuta wapi, na nimezaa naye watoto wawili?" Dada alicheka. Lakini jioni hakucheka tena. Alianza kukumbuka simu ambazo mumewe alizipokea nje ya nyumba, safari aliyorudi siku moja baadaye kuliko alivyosema, na jinsi alivyosimama mlangoni hospitalini bila kutoa chozi. Kila alichokikumbuka alimletea kaka yake, na kaka yake akakimulika, akakikuta kina walakini. Wiki ilipoisha, dada alimpigia mama yao simu akamwambia harudi tena kwa mumewe. Mama akaitisha kikao cha familia, Jumamosi saa nne asubuhi, palepale kwa Kurunzi.

Gerejini, wakati huo, Kurunzi alikuwa anatafuta ushahidi. Alilala chini ya gari na tochi mdomoni. Alipapasa mipira ya breki sentimita kwa sentimita, atafute palipokatwa. Alijaribu kila nati kama imelegezwa. Alipima ekseli na fimbo za usukani, hazikuwa zimepinda. Kila mchana shemeji alipiga simu. "Umeona nini?" "Naangalia." Kisha akikata anajiuliza: huyu ana haraka ya nini?

Hakuona kitu, na kutokuona kulimuudhi zaidi. Wenzake wakaanza kumtania kwamba safari hii betri za kurunzi zimeisha.

Jumatano alibadili njia. Aliyasimamisha matairi ya mbele yakatazama mbele kabisa, usukani nao ukakaa sawa kama ulivyotoka kiwandani, kisha akachomeka mashine ya kupimia kompyuta ya gari. Akasoma. Akafuta kioo cha mashine kwa mkono wa shati, akasoma tena. Kompyuta ilisema usukani umekatwa kushoto, digrii kumi na nane.

Hapo akaelewa yote kwa mpigo, kwa sababu ufundi alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Gari likipandishwa, fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye tairi hubaki na urefu wake wa zamani, wakati ekseli imeshuka mbali na bodi. Usukani unakaa upande hata gari likienda moja kwa moja. Dawa yake ni kurekebisha urefu wa fimbo mpaka usukani unyooke, kisha kuifundisha kompyuta upya katikati ni wapi. Fundi mvivu hafanyi hivyo. Anang'oa usukani wenyewe, anauzungusha na kuuvalisha tena kwenye meno mengine. Dereva anauona umenyooka, roho inatulia, lakini kihisi kilicho chini yake hakidanganyiki. Gari liko sawa, kompyuta inadhani linakata kushoto. Ingia kona ya kulia kwa kasi, kompyuta itaona gari linapinda kupita usukani unavyotaka, italiona linateleza, na itakamata tairi la mbele kushoto.

"Nimekukamata," alisema Kurunzi kwa sauti, peke yake, na moyo wake ulifurahi. Ndiyo, ulifurahi. Mtu aliuchezea usukani huu ili kuficha kitu, na mtu huyo sasa atajulikana mbele ya wazee.

Alitenganisha betri, akafungua kifuniko cha usukani, akamulika nati ya katikati. Ilikuwa na tone la rangi ya njano.

Kila fundi ana alama yake. Wapo wanaokwaruza kwa bisibisi, wapo wanaopiga chaki. Katika gereji ile ni mtu mmoja tu aliyekuwa akikaza nati, anaidondoshea rangi ya njano, ili kesho ajue kama imeguswa na mwingine. Kwa vile haamini watu.

Alikaa kwenye kiti cha dereva, miguu ikining'inia nje. Ikamrudia. Mwezi uliopita, mchana, lori la mteja likiwa juu ya jeki na mwenyewe anafoka, shemeji akaingia kwa upole wake. "Shemeji, tangu wanipandishie gari, usukani umekaa upande." Kurunzi hakutaka hata kumtazama. Alifanya kazi ya dakika kumi, kinywa kimejaa manung'uniko. Shemeji akauliza, "Na hii taa ya njano kwenye dashibodi?" Naye akajibu, "Itazima yenyewe. Ikikusumbua, bonyeza kitufe hiki, uendelee na safari zako."

Kitufe nacho! Maneno yake mwenyewe, na alikuwa ameyasahau kama mtu anavyosahau alichomwambia mgeni ili aondoke.

Jioni ile dada alimngoja mlangoni. "Umeona kitu?"

"Bado," alisema Kurunzi.

Alhamisi alilitengeneza gari inavyotakiwa. Aliurudisha usukani kwenye meno yake, akairekebisha fimbo mzunguko kwa mzunguko, akapima matairi, akaifundisha kompyuta sifuri yake. Akalipeleka kwenye kona ileile bila kugusa kitufe. Lilipita kama maji. Akarudia mara nne, huku akitamani gari limtupe mtaroni, angalau awe na kitu cha kuonyesha. Kazi safi. Mdomo tu ndio uliomshinda.

Ijumaa shemeji alikuja gerejini. Alikuwa amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Alisimama kando ya gari lake bila kuligusa.

"Shemeji, silali," alisema, na Kurunzi hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. "Ulinielekeza kile kitufe, mimi nikawa nabonyeza kila siku. Nikasahau kumwambia mama watoto. Aliniuliza, nikamjibu kwa mkato. Kosa ni langu, sivyo? Niambie tu. Nikimwambia mwenyewe kesho, labda atanielewa."

Lango lilikuwa wazi, sentensi moja tu ingetosha. Kurunzi aliokota kitambaa akafuta spana iliyokuwa safi.

"Nenda nyumbani ukapumzike," alisema. "Tutaongea kesho."

Jumamosi saa tatu, wazee hawajafika, dada alikuwa sebuleni na mkono wake wa plasta, mumewe amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Kurunzi alisimama katikati. Alikuwa amekusudia kuanza kwa mbali, aeleze fimbo na ekseli. Akajikuta amesema, "Ni mimi. Usukani niliuweka mimi vibaya. Na kitufe nilimwambia mimi. Huyu hana kosa lolote."

Alieleza yote, hata tone la rangi. Mke wa Kurunzi alisimama kwenye mlango wa jikoni, hakuingia. Shemeji aliinamisha kichwa, akashusha pumzi ndefu mno kwa mwili wake mwembamba. Kwa mara ya kwanza Kurunzi aliona kwamba hakukuwa na kitu nyuma ya ukimya ule ila uchovu.

"Ulijua lini?" dada aliuliza.

"Jumatano."

"Leo Jumamosi."

"Naona haya, mdogo wangu. Niliogopa."

"Jana mume wangu alikuja kwako gerejini. Aliniandikia kwenye simu kwamba anakwenda kukuuliza." Alimgeukia mumewe. "Alikwambiaje?"

Shemeji alimtazama Kurunzi. Angeweza kummaliza hapohapo. "Aliniambia nipumzike," alisema.

 Dada aliinuka, akawaita watoto wavae viatu, akamwambia wifi yake ampigie mama simu, kikao hakipo tena. Mumewe alichukua mabegi. Kurunzi, aliyetaka kuwa na la kufanya, alikimbilia funguo za gari mezani, akazishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Liko nje," alisema. "Nimelitengeneza kila kitu. Nimelijaribu kwenye kona ileile mara nne. Kuwa na amani, halina tatizo tena."

Dada hakuzipokea. Alimtazama kaka yake usoni, kwa utulivu, muda mrefu, kama mtu anayemulika.

"Tutatembea mpaka barabarani, tupate usafiri," alimwambia mumewe. "Gari utalifuata Jumatatu. Kabla sijawapandisha watoto, lipeleke kwa fundi mwingine alikague."