Shungi la Mu Dianju

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili mtu asije akanidhania vingine. Siku tatu kabla meli yetu haijafika bandari ya Zhifu nilikuwa sili, silali, na kila nilipojipapasa kisogo mkono ulirudi na jasho. Wenzangu elfu moja na kitu mle melini walikuwa na mashungi yao, yamesukwa yakafika kiunoni, kama mfalme wetu anavyotaka kila mwanamume awe. Mimi kisogoni nilikuwa na nywele za urefu wa kidole, zimesimama kama za nguruwe.

Tulikuwa tunarudishwa kwetu Shandong, Uchina, kutoka migodi ya dhahabu ya Transvaal. Miaka mitatu Wazungu walitutaka sana, kisha wakaamua hawatutaki tena, wakatupakia. Watu walifurahi. Walicheza kamari, walikohoa, walisimuliana watakachokula siku ya kwanza. Nilikaa juu ya sanduku langu la bati nikawachukia wote, hasa waliokuwa wakichana nywele.

Shungi langu lilinyolewa hospitali ya mgodini mwezi wa tano, siku jiwe liliponipasua kichwa. Jiwe hilohilo lilimwua Mu Dianju, rafiki yangu, tuliyekuwa tukilala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Walimzika hukohuko. Kabla hawajamfukia niliomba nishikwe mkono, maana nilikuwa na kizunguzungu, nikainama nikamkata shungi kwa kisu cha tumbaku. Kwetu mtu akifia ng'ambo na maiti yake haiwezi kuja, basi nywele zake zije. Mama anazizika, na roho inajua pa kulala. Zisipokuja, Dianju atazurura milele katika nchi ambayo hata kuomba maji hakujua kuomba. Nilimwahidi nitazifikisha. Hakunisikia, lakini nilimwahidi.

Haya, sasa nenda kamwambie karani wa bandarini kwamba aliyekunyoa ni daktari. Mwaka ule waasi wa kusini walikuwa wakijikata mashungi ili kumtukana mfalme, na serikali ilimwona mwasi kila mtu mwenye kisogo kitupu. Mabaharia walitupa habari ya meli iliyotutangulia. Watu watatu wasio na shungi walitolewa kwenye mstari, wakapelekwa mjini, na ndugu zao waliokuwa wakiwasubiri nje ya lango walirudi nyumbani peke yao. Mimi nina mke. Tangu nisikie hayo nilikuwa namwona amesimama nje ya lango.

Aliyenitatulia tatizo alikuwa Luan, kinyozi wetu wa kambini, mtu mwenye mdomo mchafu na mikono safi.

"Kaka Geng," aliniambia, "una shungi ndani ya sanduku, na una kichwa kisicho na shungi. Mimi shule sikwenda, lakini hesabu hiyo naiweza."

"La maiti hilo."

"Maiti amelalamika?"

"Ni la mama yake. Nampelekea akazike."

"Utampelekea vipi, wakati kichwa chako kimebaki mjini juu ya mti? Kaa hapa. Acha kutetemeka, nitakudunga sikio."

Alilishona kwenye vinywele vyangu kwa uzi wa kushonea viatu, uliopakwa nta, akaninyoa utosi wa mbele ukang'aa, akanivika kofia ya kuficha mshono. Lilikuwa zito. Sijui kama nywele za mtu mwingine huwa nzito kuliko zako, au ni mimi tu, lakini nilihisi kama Dianju mwenyewe amenishika kwa nyuma, hasemi kitu, ananifuata.

"Usiiname, usicheke, usipige chafya," alisema Luan. "Na huyo karani nasikia anavuta mashungi kwa mkono, moja moja, ajue la kweli na la bandia. Akivuta kidogo, uzi utashika. Akivuta kama mtu anayeng'oa karoti, mimi sikujui, hatujawahi kuonana." Kisha akaikamata ile kamba ya buluu iliyofunga ncha. "Hii tuitoe, tuweke nyeusi. Inaonekana toka mbali."

Kamba hiyo aliisuka mama yake Dianju kwa mkono wake, buluu, na mafundo matatu mwishoni. Kila Jumapili Dianju alikuwa akiifungua, anaifua, anaianika juu ya kitanda chake, nasi tunamcheka kwamba mama kamfunga kamba kama mbuzi asije akapotea.

"Hiyo iache," nilisema. "Nimeshamvua nywele. Simvui na kamba ya mama yake."

"Basi ufe na adabu zako," alisema Luan, akaenda kunawa.

Tulishuka asubuhi, jua limeshawaka lakini baridi inauma. Mstari ulikuwa mrefu, na mwisho wake palikuwa na lango, meza, karani mnene aliyevaa koti la manyoya, na askari wawili. Ng'ambo ya uzio wa mbao walijaa watu waliokuja kupokea watu wao, wanaita majina, wananyosha vikapu vya mikate ya mvuke juu ya vichwa. Karani alikuwa anasoma jina, anamtazama mtu usoni, anamgeuza, anavuta. Havuti kidogo. Alikuwa anavuta hasa, mpaka kichwa cha mtu kinarudi nyuma, na askari wanacheka.

Mbele yangu walikuwa watu kumi na wanne. Kisha kumi. Nilijaribu kukumbuka uso wa mke wangu nikashindwa, nikakumbuka ule wa mgonjwa mmoja wa hospitalini aliyekuwa akilia usiku kwa ajili ya mbwa wake. Jasho liliingia kwenye mshono likaanza kuwasha, na kukuna siwezi. Sita. Luan, nyuma yangu watu watatu, alikuwa anakohoa kikohozi cha uongo. Nilijua maana yake: nyoosha shingo, mjinga wewe.

Mbele yangu hapakuwa na mtu tena pale mstari ulipopita karibu kabisa na uzio. Hapo ndipo mkono ulipotokea kati ya mbao na kulishika shungi.

"Dianju."

Halikuwa jina la kupigiwa kelele. Lilisemwa kwa upole, kama anayemwamsha mtu. Nilikauka. Nilikuwa nimejiambia siku zote kwamba ofisi ya mgodi imeshamwarifu. Ofisi ina makarani, ina karatasi, itakosaje kumwarifu? Mimi mwenyewe sijui kuandika, na kumwendea mwandishi wa barua nikamtajia maneno yale sikuweza. Kumbe hakuna aliyemwarifu. Mama Mu alikuwa ametembea siku tatu kumpokea mwanawe, amesimama kwenye uzio akitazama migongo ya watu, akaona kamba yake.

Nikageuka. Sikuwa na la kufanya ila kugeuka.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, uso umechomwa na upepo, kitambaa cheusi kichwani. Alinitazama. Akalitazama shungi mkononi mwake, akateremka kwa vidole mpaka kwenye mafundo yake matatu, akayahesabu, moja, mbili, tatu. Kisha vidole vikapanda tena, polepole, mpaka chini ya kofia yangu, na hapo vikakuta uzi wa viatu. Niliona kinywa chake kikifunguka. Nikajiambia, sasa atapiga ukunga, na ana haki, na mimi nimekwisha.

"Mbona mstari umesimama?" alisema karani. "Huyo mama anafanya nini hapo?"

Mama Mu hakuliachia. Alinitazama machoni, na mimi, Mungu wa mbinguni shahidi, nilitikisa kichwa. Kidogo tu. Ndiyo habari niliyompa ya mwanawe, na ndivyo nilivyompa.

"Nimemshika mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea na mdomo umejaa.

"Mwachie, mama. Bado sijamkagua."

"Umkague nini? Shungi? Hili hapa." Akalivuta. Nilihisi amelivuta kwa mkono wa chini, na kwa mkono wa juu amekandamiza mshono kichwani kwangu kwa nguvu zote, kucha zimeingia kwenye ngozi. Kichwa changu kilirudi nyuma mpaka nikaona mbingu. "Umeona? Nimelisuka mimi hili tangu ana miaka minne. Kwenye nyumba yangu halijashikwa na mwanamume mwingine tangu baba yake afe, na leo halishikwi."

Askari mmoja alicheka. "Mzee, muogope huyo," alimwambia karani.

Karani hakucheka. Aliitazama karatasi yake. "Wewe mama umemwita nani? Nimesikia Dianju. Huyu anayefuata hapa si Dianju. Mwanao anaitwa nani?"

Nilifumba macho. Huyu mama hajawahi kuniona. Mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya kichwa changu, na mimi natetemeka chini yake, sijui nani alikuwa akimtetemesha mwenzake.

"Dianju namwita mimi nyumbani," alisema. "Kwenye karatasi yako utamkuta Geng Changyou."

Karani alifuata orodha kwa kidole. Alichukua muda mrefu. "Geng Changyou," alisema. "Pita. Na umfunze adabu, mama, mtoto mzima anabubujikwa na machozi mbele za watu."

Nikapita.

Tuliupita mji mzima. Alitembea nyuma yangu, ameshika ncha ya shungi, na kila nilipotaka kupunguza mwendo aliniambia nitembee. Kwenye kibanda cha uji wa mtama ndipo alipokaa chini, na hapo alilia, kwa sauti, amejifunika kitambaa. Nilimsimulia jiwe, kaburi, kisu cha tumbaku. Nilimwambia hakuumia, na hilo ni kweli.

"Jina langu ulilijuaje, mama?" nilimuuliza baadaye.

"Kila barua yake ulikuwemo. Geng Changyou anakoroma. Geng Changyou anaogopa panya. Geng Changyou kanipa nusu ya kitunguu saumu chake." Alifuta pua. "Nilivyokuona unatetemeka nikajua ni wewe tu."

Siku ya tatu tulifika njia panda, kwao kushoto, kwetu kulia. Nilivua kofia, nikaanza kutafuta uzi. Ahadi ni ahadi. Alinipiga kofi mkononi.

"Unataka kuingia kijijini kwenu na kisogo hicho? Mjumbe wenu atakuwa ameshakupeleka wilayani kabla mkeo hajabandika maji."

"Lakini Dianju azikwe, mama. Hana pa kulala."

"Atalala kwako mpaka zako zikue. Miaka mitatu alilala juu yako, hamkugombana." Akanivika kofia mwenyewe. "Kila siku ya soko uje, nilichane. Usilichane wewe, utalikata."

Basi kila siku ya tano, siku ya soko, nilikwenda. Nilikaa kwenye kigoda uani kwake, yeye nyuma yangu na kitana. Alilifumua, akalipaka mafuta, akalisuka upya, na muda wote aliongea, habari za kuku, za jirani mwizi wa kuni, za bei ya mtama. Mwanzoni nilikuwa naitikia. Baadaye niligundua kwamba haongei na mimi, nikanyamaza.

Mke wangu hakupenda. Alisema roho isiyozikwa inaleta maradhi, na kikohozi changu cha mgodini alisema kimeletwa na hilo. Usiku alilala amegeukia ukuta. Mimi pia niliogopa, kwani niliota mara mbili Dianju amesimama mlangoni, haingii. Nilikuwa nikihesabu miezi, nakuza nywele kama mtu anavyolima.

Mwaka wa pili ulipokwisha, nywele zangu zilikuwa zimepita mabega. Zilitosha kusukwa, na ncha ningeiongeza kwa uzi mweusi wa hariri kama wafanyavyo wengi wenye nywele haba. Siku ile ya soko nilichukua sanduku dogo la mbao nililolichonga mwenyewe, la kumzikia. Nililiweka chini kando ya kigoda, mahali ambapo lazima alione, nikakaa.

Alifumua shungi. Vidole vyake vikapita chini yake, vikakuta nywele zangu, vikazifuata taratibu, mabega, na chini ya mabega, mpaka zilipoishia. Vikasimama hapo. Kuku walikuwa wanakwaruza.

Akachukua nywele zangu akazichanganya na za Dianju, akazisuka pamoja, akafunga kamba ya buluu, fundo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka chini ya benchi.

"Bado fupi," alisema. "Njoo soko lijalo."

"Sawa, mama," nilisema.