Nyota ya Ncha Sita Kifuani mwa Marlys

Siku ya maonyesho ya kaunti ilipofika, Ardith Beecham alikuwa na furaha mpaka akasahau kunywa kahawa yake. Majira yote ya baridi yeye na bintiye Marlys walikuwa wamekaa jikoni wakisugua shaba na kupiga pasi nembo za mabega, na sasa meza ndefu ya idara ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti anayechaguliwa kwa kura, ilikuwa imejaa. Beji zote zilizopata kuvaliwa Kaunti ya Millstone zilikuwepo, tangu ile ya kwanza iliyokatwa kwenye kifuniko cha mkebe wa pichi, hadi nyota ya sasa ya ncha saba, yenye mganda wa ngano katikati.

Watu walisukumana.

"Jamani, hii si ya babu?" akapiga kelele mzee mmoja mwenye kofia ya trekta. "Tazameni ilivyopinda! Aliikalia kanisani!"

"Babu yako alikuwa anakalia kila kitu," mkewe akamjibu. "Hata mimi alinikalia siku ya harusi."

Ardith akacheka mpaka machozi yakamtoka. Marlys, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa anaruka kutoka beji hadi beji akieleza hili na lile, mashavu mekundu. Mwakani angeapishwa kuwa askari wa sherifu. Tangu utotoni hakutaka kazi nyingine.

Kulikuwa na nyota moja iliyowekwa peke yake katika kabati dogo la kioo, ya fedha, ya ncha sita. Hiyo ilivaliwa miaka ya ukame, benki ilipokuwa inanadi mashamba ya wenye madeni na askari wa sherifu ndio waliokwenda kuwatoa watu. Uchaguzi uliofuata, sherifu mpya aliwavua askari wake wote nyota za ncha sita na kuagiza za ncha saba, ili mtu akiona askari anakuja asidhani ni wale wale. Millstone hakuna asiyejua habari hiyo. Ardith mwenyewe ndiye aliyeiandika kwenye kadi.

Lakini nyota yenyewe ilikuwa nzuri, ilaaniwe. Ilikuwa inang'aa kuliko zote.

"Mama, nibandike," Marlys akanong'ona. "Kidogo tu. Nione itakavyokuwa siku yangu."

Kwao, siku ya kiapo, mama ndiye anayembandika mtoto beji. Ardith alikuwa ameiota siku hiyo mara nyingi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akalifungua kabati, akaitoa nyota, akambandika.

"Ee! Umependeza, mwanangu! Hebu geuka!"

Marlys akageuka, kifua mbele kama jogoo, na kabla hawajamaliza kucheka, mwanamke mmoja akaingia mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Askari! Wee askari! Njoo upesi, kuna mtu atauawa kwenye mabanda ya nguruwe!"

Alikuwa anamwambia Marlys. Na Marlys, badala ya kusema mimi si askari, akatoka mbio.

"Marlys! Rudi hapa! Marlys!"

Nani amsikie? Ardith akamfuata, anapiga watu vikumbo, kikombe cha mtu kikamwagika, bendi ya shule inapiga matarumbeta kana kwamba ni sherehe. Mbele yake watu walikuwa wanaona nyota na kumpisha binti yake. "Pisheni askari! Pisheni!" Akishapita, njia inajifunga, na mama anabaki nyuma anasukumana na migongo.

Akafika mabandani. Emmet Kolar, mfuga nguruwe, amelewa, ameshika uma wa kutupia majani, na ncha zake ziko kooni mwa mwamuzi aliyemnyima nguruwe wake utepe wa ushindi.

"Weka chini, Emmet!" Marlys akaamuru.

"Na wewe nani..." Emmet akageuka. Akaiona nyota. Uso wake ukabadilika kabisa, pombe kama ilimtoka.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo waliyokuja nayo kwa babu yangu. Kitanda chake walikitupa mvuani, naye akiwa juu yake. Mmeirudisha?"

Uma ukamwacha mwamuzi, ukamgeukia Marlys.

Marlys hakurudi nyuma hata hatua moja. Ardith hakuwaza. Alijiingiza katikati, mgongo kwa uma, uso kwa mtoto, akaishika ile nyota. Pini ikakataa. Akavuta. Ikamchoma kidole, akavuta tena, shati likachanika, akaitupa kwenye tope la nguruwe.

"Si askari, Emmet! Ni mtoto! Nimembandika mimi, kwa upuuzi wangu. Nichome mimi!"

Emmet akamkodolea macho. Nguruwe tu ndio waliokuwa wanakoroma.

"Mtoto?" Emmet akauliza, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Huyu ni Marlys wako?"

Uma ukashuka, na askari wawili, wa kweli, wakamrukia.

Sherifu Lundgren akaja anahema. Akaitazama nyota topeni, akamtazama Ardith. "Mama Beecham, nikuseme au nikuache?"

"Niseme baadaye," Ardith akamjibu. "Sasa hivi nitaanguka."

Akamkumbatia binti yake, akampapasa mgongo na mbavu kutafuta tundu, kama wanavyofanya akina mama hata wakiona mtoto mzima mbele yao. Akangoja alie. Alikuwa tayari kumbembeleza.

Marlys akajitoa mikononi mwake. Macho yanamwaka, shati limechanika kifuani, anacheka.

"Mama, uliona walivyonipisha? Wote! Uliona?"

Ardith alikuwa ameona. Ncha za uma hazikumtia hofu kama hayo macho yaliyolewa nguvu ya nyota. Akamshika mkono kwa nguvu, kwa mkono wake mwenyewe uliotoka damu ya pini.

"Twende nyumbani," akasema. "Twende tukaongee, na leo utanisikiliza mpaka mwisho."